Sura Zinazochosha

Katika On Our Own, kitabu alichokitoa Judi Chamberlin mwaka 1978, sura ninazozirudia ni zile zinazochosha. Zipo za kutosha. Kuna kurasa juu ya nani anashika funguo, mkutano uitishwe mara ngapi, mratibu alipwe au ajitolee, na mwanachama akivuruga mambo nani mwenye haki ya kumwambia atoke. Wasomaji wachache ninaowafahamu waliowahi kukishika walisoma simulizi ya mwanzo, ile ya hospitali, wakaumia, wakafika kwenye mikutano na kodi ya nyumba, wakakiweka chini. Mmoja aliniambia, "Mwenzangu, nilikuwa nalia vizuri tu, mara naletewa katiba ya kikoba."

Alikuwa anakejeli, lakini sijasikia uhakiki sahihi zaidi wa kitabu hiki.

Simulizi yenyewe ni hii. Mwaka 1966, akiwa na miaka 21, Chamberlin aliharibikiwa na mimba. Huzuni haikuondoka. Alilazwa kwa hiari, akatoka, akalazwa tena, na mwishowe hiari ikaondolewa: akapelekwa Rockland State Hospital, katika jimbo la New York, na karatasi zikasema ana skizofrenia. Alipotoka hakupata mtu wa kumweleza hasira aliyotoka nayo, maana kwa madaktari hasira ile ilikuwa dalili. Mwaka 1971 alijiunga na kundi la waliokuwa wagonjwa mjini New York, na humo akagundua kwamba wengine wana hasira ileile. Anayaeleza haya bila kupaka rangi, kisha anafanya jambo ambalo waandishi wengi wa simulizi za ugonjwa hawalifanyi. Anajitoa katikati ya hadithi. "Mimi" inakuwa "sisi", na "sisi" ina ratiba, ina vikombe vya kuosha, ina akaunti benki.

Nadhani tunaposema tunataka kusikia sauti za wagonjwa wa akili, mara nyingi tunachotaka ni ile "mimi". Majarida kama hili yanaipenda, nami naipenda: mtu mmoja, usiku mmoja, wodi moja, sentensi nzuri. Msomaji anafunga simu akiwa ameguswa. Wodi inabaki na utaratibu wake, kitasa chake na daftari lake.

Kwenye semina zetu za fasihi hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu huko hata kuguswa hatukuguswa. Wazimu ulikuwa sitiari, basi. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1974, anajiua, nasi tunaandika insha kuhusu udhanaishi. Katika Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971) mashetani ni ukoloni mamboleo, na anayetaka alama zake asiulize zaidi. Sisemi tafsiri hizo ni za uongo. Hussein alijua anachokifanya. Lakini baada ya miaka mitatu ya semina za namna hiyo mtu anazoea kumwona kila kichaa kama taarifa kuhusu jambo lingine: taifa, usasa, Mungu. Haimpitii akilini kwamba huyu anaweza kuwa anasema kitu kuhusu chakula cha hospitali.

Aliyeumizwa zaidi na usomaji huo ni Bessie Head. Alizaliwa Afrika Kusini, akaishi Serowe, Botswana, kama mkimbizi, na mwaka 1971 akalazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Lobatse. Miaka miwili baadaye ilitoka A Question of Power, riwaya ambayo mhusika wake Elizabeth anateswa usiku na Sello na Dan, watu ambao wengine hawawaoni. Wahakiki wameandika kurasa nyingi juu ya Sello na Dan wanawakilisha nini. Ni wachache wanaokaa na bustani. Elizabeth analima mboga katika mradi wa ushirika wa kijiji, bega kwa bega na mwanamke aitwaye Kenosi, ambaye hamwulizi habari za mashetani yake. Anamwuliza habari za kazi. Wanapanda, wanavuna, wanapika jemu. Kurasa za bustani nazo zinachosha kidogo, zimejaa miche na mbolea. Kwa macho yangu ndizo zinazomrudisha mtu duniani, na Head alizipa nafasi kubwa kwa makusudi.

Turudi kwenye lugha kwanza, kwa sababu ugumu wa "mimi" kwetu unaanzia kwenye sarufi. Sikiliza vitenzi: amerukwa na akili, amechanganyikiwa, amepata wazimu, amepandisha. Vyote vimetulia katika nafsi ya tatu. Sarufi haikatazi "nimerukwa na akili", lakini mtu akisema hivyo anatania, au anajilaumu kwa kununua kiatu cha bei kubwa. Wazimu ni jambo linalosemwa na mtu aliyesimama pembeni. Na ukijitia ujasiri ukasema kwa nafsi ya kwanza, kuna mahali sarufi inakuwa sheria. Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, katika kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Kenya nayo ilikuwa hivyo mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mwandishi wa Dar es Salaam anayeandika "nilijaribu" haandiki kumbukumbu tu. Kisheria anaungama. Wahariri wanaotuomba tuwe wazi zaidi wangelikumbuka hilo.

Mimi nililazwa siku kumi na tisa, miaka kadhaa iliyopita, hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Dada yangu mkubwa alisaini. Sina kisa cha kutisha cha kusimulia. Hakuna aliyenipiga, na nesi wa zamu ya usiku alikuwa na roho nzuri. Nilichotoka nacho ni ukurasa mmoja wa faili, ambao niliusoma kichwa chini miguu juu ukiwa mezani wakati daktari amekwenda kupokea simu. Umeandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, lakini mwendo wake kwa Kiswahili ni huu: mgonjwa anadai hajalala siku nne; ndugu wanaeleza kwamba hajalala siku nne. Habari ni ileile, siku ni zilezile. Mimi nilidai, dada alieleza. Baadaye nilikwenda masijala kuomba nisome faili lote. Karani alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mdogo wangu," akasema, "faili ni la hospitali. Wewe si umepona?"

Nilipokutana na Chamberlin nilikuwa nimeshasoma kumbukumbu nyingi za watu waliougua, zote nzuri, zote zikiishia kwenye kupona na shukrani kwa familia. Yeye alinipa kitu ambacho sikujua kinaweza kuulizwa: faili ni la nani, na je, lazima liwepo? Anasimulia jinsi alivyopata msukosuko mwingine akiwa Vancouver, Kanada, na safari hii badala ya hospitali akaenda kwenye nyumba ya dharura ambayo haikuwa na wodi wala watu wa makoti meupe. Alikuwa na watu wa kukaa naye. Aliweza kupiga kelele bila kelele hizo kuandikwa. Anaiweka nyumba hiyo kando ya Rockland na kumwachia msomaji alinganishe.

Lakini Vancouver haikuwa muujiza, na hapa ndipo sura zinazochosha zinapoanza kazi. Kulikuwa huko na Mental Patients' Association, chama kilichoanzishwa na wagonjwa wenyewe mwaka 1971. Kilikuwa na mahali pa kushinda, kilikuwa na nyumba za kuishi, na waratibu wake waliolipwa walichaguliwa kwa kura na wanachama. Chamberlin anataka kujua kura ilipigwaje. Anataka kujua fedha za serikali zikija zinakuja na masharti gani. Anapanga huduma mbadala katika aina tatu. Ya kwanza wataalamu na wasio wataalamu wanashirikiana. Ya pili waliowahi kuugua na wasiowahi wanasaidiana kama watu sawa bila wataalamu kushika usukani. Ya tatu waliougua wanaendesha peke yao. Ile ya kwanza haiamini hata kidogo, na sababu yake ni ya kihistoria. Katika miaka ya 1940, wagonjwa wa Rockland, hospitali ileile, waliunda kundi lao wakaliita kwa maneno yenye maana ya "Hatuko Peke Yetu". Kutokana na kundi hilo ikazaliwa Fountain House, New York, mwaka 1948. Nyumba ikakua, ikasifiwa, wataalamu wakaajiriwa kuiongoza, na waliougua wakabaki "wanachama": wanapika, wanapiga chapa, wanapokea wageni. Sahihi za hundi ni za wengine. Chamberlin hasemi watu hao walikuwa wabaya. Anaonyesha tu jinsi jambo la wagonjwa linavyoweza kuondoka mikononi mwao taratibu, kwa heshima, huku kila mmoja akitabasamu.

Ndiyo maana mzaha wa rafiki yangu haukunichekesha sana. Katiba ya kikoba ni kitu tunachokijua kuliko Wamarekani wowote. Mama zetu, ambao hakuna benki iliyowakubali, wameendesha upatu na vikoba kwa miongo, na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, faini ya kuchelewa, faini ya simu kuita kikaoni. Kikoba hakimwulizi mwanachama kama anastahili kuaminiwa kabla ya kumpa ufunguo. Kinagawa funguo ili kuaminiana kuwezekane. Ukisoma sura za Vancouver ukiwa umekulia kwenye nyumba yenye mikutano hiyo kila Jumamosi, hukutani na nadharia ngeni.

Udhaifu wa kitabu upo, nao si mdogo. Familia karibu haipo, na inapotokea ni ile iliyompeleka mtu hospitalini. Kwetu ndugu ndiye hospitali nyingine. Ndiye anayelala sakafuni kando ya kitanda, analeta uji, ananunua dawa zikikosekana dirishani. Ndiye pia, mahali pengine, anayefunga mnyororo au kumpeleka mtu kambi ya maombi na kumwacha huko miezi. Mtu hawezi kuandika "sisi" ya wagonjwa Afrika Mashariki bila kuamua dada anakaa upande gani wa mlango, na Chamberlin hanisaidii hapo. Pia yuko haraka na dawa. Kwa haki yake, anachokipinga ni kulazimishwa, si mtu kumeza kidonge alichokichagua. Lakini yule ambaye kidonge kinamsaidia na bado anataka ufunguo wa ofisi hapewi kurasa nyingi. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo niliona pengo hilo mapema.

Jina la kitabu nalo lina mtego. Ukilitafsiri "Peke Yetu" umeharibu kila kitu. Kwa Kiswahili kuwa peke yako ni kuachwa. Nimeishia kwenye "Sisi Wenyewe", na nilipoliandika ndipo nikaona lugha imenizidi akili. Mgeni anapobisha mlangoni akauliza, "Wenyewe wapo?", haulizi nafsi za watu. Anauliza wenye nyumba.

Maneno mengine ya harakati hii hayajapata bahati hiyo. "Watumiaji wa huduma" hayawezekani: ukisema "mtumiaji" mtaani kwetu watu wanaelewa dawa za kulevya. "Manusura" linaleta meli na ajali ya basi. Na lile la wenzao wanaosaidiana limekuja kupitia semina za vijana likawa "rika", kana kwamba kilichotuunganisha wodini ni mwaka wa kuzaliwa. Kitanda cha kulia kwangu alikuwepo bibi wa miaka zaidi ya sitini. Ndiye aliyenifundisha kuomba dawa ya usiku baada ya chakula, si kabla, ili nisianguke bafuni. Yule hakuwa rika langu. Alikuwa mwenzangu, na neno hilo lilikuwepo siku zote, likitumika kuanzishia umbea.

Cha ajabu, Kiswahili kimefika kwenye harakati hii kwa njia ya mzunguko. Katika mji wa Northampton, Massachusetts, kuna nyumba ya kawaida kwenye mtaa wa makazi inayoitwa Afiya. Waliichagulia jina kutoka neno letu, wakaliandika kwa "i" ya ziada. Ilifunguliwa mwaka 2012. Ina vyumba vitatu. Mtu aliye kwenye msukosuko anaweza kukaa mpaka usiku saba bila kulipa. Kila anayefanya kazi pale ameyapitia mwenyewe: wodi, au mtaa bila nyumba, au sauti ambazo wengine hawazisikii. Hawagawi dawa, mwenye dawa zake anazitunza mwenyewe. Sikuweza kusoma habari zake bila wivu. Neno lililoandikwa kwenye kila bango la wizara zetu limepata mlango ambao mtu anaingia bila kusainiwa na ndugu, na mlango huo uko Marekani.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mkubwa juu ya huduma za afya ya akili za kijamii zinazoheshimu haki, ukiwa na mifano kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Nyumba ya Afiya imo. Limo pia kundi la Nairobi, Nairobi Mind Empowerment Peer Support Group, lililo chini ya shirika la Users and Survivors of Psychiatry la Kenya, ambalo watu wake hukutana na kuongozana wenyewe. Ukurasa huo niliusoma mara mbili, na si kwa sababu ya mtindo. Ripoti hizo huandikwa kama zilivyo. Nilikuwa nakumbuka kitabu kingine cha shirika hilohilo. Mwaka 1953 lilichapisha utafiti wa J. C. Carothers, daktari aliyekuwa ameongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kwa zaidi ya miaka kumi. Humo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alikuwa na wagonjwa mbele yake miaka yote hiyo, na kitabuni wanafanya kazi ya takwimu na mifano. Miaka 68 kati ya kurasa hizo mbili, mji ni uleule. Katika ukurasa wa pili watu wa Nairobi wameacha kuelezwa, wanaeleza.

Sitaki kuushangilia zaidi ya hapo, maana kuna njia ya kumpa mgonjwa kipaza sauti bila kumpa kitu kingine chochote. Nimekaa kwenye warsha za namna hiyo. Ratiba inasema: saa 4:30, ushuhuda. Mtu anasimama dakika kumi na tano, anaeleza alivyookotwa barabarani, ukumbi unanyamaza, mwezeshaji anamshukuru kwa ujasiri. Kisha chai. Kisha waliobaki wanajadili bajeti, na yeye anasaini karatasi ya nauli. Katika warsha moja nilimwona kijana aliyetoka kutoa ushuhuda akirudi kuuliza kama anaweza kukaa kwenye kikao cha mchana. Aliambiwa, kwa upole mkubwa, kwamba kile ni cha kiufundi.

Kikao cha kiufundi ndicho sura inayochosha. Chamberlin aliandika kitabu kizima ili yule kijana aingie humo, na kwa sababu hiyo namsamehe kurasa zake zote zisizo na sentensi nzuri. Ukimsoma kwa kutafuta sentensi utasema ni mwandishi wa wastani. Anarudia hoja, ana hasira ya mtu aliyesubiri sana zamu yake, na hana subira na msomaji anayetaka kufarijiwa.

Dar es Salaam ilikuwa mmoja wa miji sita ya utafiti uitwao UPSIDES, pamoja na Kampala, Ulm, Hamburg, Pune na Beer Sheva. Humo watu waliowahi kuugua walifundishwa kuwasaidia wengine walio kwenye huduma. Nikisikia habari za kazi kama hiyo najikuta nauliza maswali ya Chamberlin, kwa mpangilio wake wa kuudhi. Waliofundishwa wanalipwa na nani fedha za utafiti zikiisha? Wakiona jambo baya wodini wanaripoti kwa nani, na ripoti inaandikwa "anaeleza" au "anadai"? Mkutano wao ni lini? Nani anauitisha? Na ufunguo wa chumba cha mkutano, baada ya saa za kazi, unakaa kwa nani?